Siku Sita Yerevan, Nikimfuata Regina

Jumatatu

Ndege kutoka Dubai ilitua Zvartnots, uwanja wa ndege wa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, kabla ya alfajiri. Baridi ya Novemba ilinipokea mlangoni mwa ndege, nikamkumbuka Baba alivyoniambia kwenye simu: "Vaa sweta mbili, huko si Taveta." Nilikuwa nimevaa moja.

Nimekuja kwa ajili ya mchoraji mmoja, Regina Ghazaryan. Alizaliwa 1915 akafariki 1999, na mji wake ni huu. Mwaka 1937, akiwa na miaka 22, alipokea maandishi ya mshairi Yeghishe Charents, wakati ambao jina la Charents peke yake lilitosha kumpeleka mtu gerezani. Akayafukia ardhini. Kisha akakaa kimya miaka 17.

Nieleze mapema kwa nini habari hii imenikaa moyoni. Mwaka 1986 nilikuwa na miaka tisa. Kenya ilikuwa na kamatakamata; walimu na wahadhiri walichukuliwa usiku kwa sababu ya karatasi tu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alikuwa na daftari la mashairi, lile kubwa la jalada gumu jeusi. Usiku mmoja alikaa jikoni mbele ya mafiga, akalichana ukurasa baada ya ukurasa, akatia motoni. Mama alikuwa pembeni akisukumiza kuni. Sisi watoto tulikuwa tumelazwa, lakini mimi niliona kwa ufa wa mlango. Sijawahi kumlaumu Baba. Alikuwa na watoto watano na mshahara mmoja. Ila tangu nilipomsoma Regina, nimekuwa nikitaka kusimama mahali alipoishi mtu aliyefanya lile jingine.

Leo sikufanya kubwa. Nimelala, nimeamka mchana, nimenunua mkate wa lavash bado una moto, mwembamba kama kitambaa. Kwenye chenji muuzaji alinirudishia noti ya dramu 1,000 ya toleo la zamani, imechakaa kwenye mikunjo. Niligeuza nikakuta uso wa mwanamume mwenye pua ndefu na macho yaliyochoka. Ni Charents. Waliomwita adui walikufa, yeye akaja kuwekwa kwenye pesa. Noti hiyo sitaitumia.

Jumanne

Barabara ya Mashtots namba 17. Hapa ndipo Charents alipoishi kuanzia 1935, na hapa ndipo walipomchukua. Sasa ni nyumba ya makumbusho.

Mama anayehudumu pale ni mtu mzima, nywele nyeupe, shali begani. Kiingereza chake na changu vilikutana katikati. Kila sentensi aliimalizia na "jan", neno lao la upendo. Wageni tulikuwa wawili tu asubuhi hiyo, na mwenzangu aliondoka upesi, kwa hiyo nilimpata yule mama peke yangu kwa zaidi ya saa mbili.

Kwa msomaji ambaye jina hili ni geni kwake: Charents alizaliwa 1897, akakulia Kars, mji ambao leo uko Uturuki. Jina lake la nyumbani ni Yeghishe Soghomonyan. Mwaka 1915, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Waarmenia katika dola ya Ottoman, alikwenda vitani kijana wa miaka 18 tu, akaona vijiji vya Waarmenia vilivyobaki na maiti tu, na alichokiona hakikumtoka tena. Baadaye akajiunga na jeshi la Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, akayaimba mapinduzi kwa imani yake yote. Hakuwa mpinzani aliyesubiri nafasi ya kusaliti. Aliamini. Nadhani hilo ndilo linaloumiza zaidi: dola iliyomla ni ile aliyoitungia mashairi.

Wala hakuwa malaika. Mwaka 1926 alimpiga risasi mwanamke barabarani, hapa Yerevan, akamjeruhi, akafungwa. Nimelisema kwa sababu kuna tabia, hata kwetu, ya kumwosha mshairi akishakufa. Mtu anaweza kuwa na kosa zito na bado kumwua kwa ajili ya mashairi yake kukawa dhuluma tupu.

Kwenye vitu vyake kuna sindano. Alikuwa anasumbuliwa na mawe ya figo, na kadiri mzingiro ulivyombana ndivyo mofini ilivyozidi kumshika. Niliitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka. Ni kitu kidogo, cha kushika kwa vidole vitatu.

Kisha yule mama akaniletea kitabu. Ni nakala ya mkusanyiko wa mwisho wa Charents kuchapwa akiwa hai, wa mwaka 1933. Akafungua shairi liitwalo "Patgam", maana yake wasia, au ujumbe. Juu juu ni shairi la kuusifu mwanga mpya uliochomoza duniani, aina ya shairi ambalo mkaguzi wa serikali angelipigia muhuri huku anapiga miayo. Akachukua penseli, akaweka ncha juu ya herufi ya pili ya mstari wa kwanza. Mstari huo unaanza na neno "Nor", yaani mpya. Herufi ya pili ni o. Akashuka mstari wa pili: "Ov". Herufi ya pili ni v. Akashuka wa tatu, wa nne, wa tano, penseli ikitembea wima kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na kila herufi aliitamka kwa sauti ndogo. Alipofika chini alinyanyua uso, akanitafsiria: Ewe taifa la Armenia, wokovu wako wa pekee umo katika nguvu yako ya pamoja.

Nilisisimka mwili mzima. Sisi tunazo tungo zinazopanga beti kwa alifu, be, te, na kazi yangu ya uhariri imenikutanisha na washairi wanaoficha majina yao kwenye silabi za mwanzo. Kwa hiyo ufundi wenyewe si mgeni kwangu. Lakini kuficha kwenye herufi ya pili! Herufi ya kwanza kila mtu huitupia jicho. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua, na Charents alijua wajinga wake ni akina nani na wenye macho ni akina nani.

Baada ya 1934 alikuwa amefungiwa milango ya uchapaji, isipokuwa mashairi machache magazetini. Julai 1936 Aghasi Khanjyan, kiongozi wa Armenia ya Kisovieti aliyekuwa kama mwavuli kwake, alikufa kwa risasi Tbilisi. Tangazo likasema amejiua. Charents akamwandikia soneti saba ambazo hakuna mchapaji angezigusa. Mwaka huohuo mwili wa Komitas ulirudishwa kutoka Ufaransa. Huyu alikuwa padri na mwanamuziki, aliyezikusanya nyimbo za wakulima wa Armenia, na aliyevurugika akili baada ya kukamatwa Aprili 1915. Charents akamtungia utenzi wa maombolezo, mojawapo ya kazi zake kubwa kabisa, nao pia ukabaki mezani. Kuanzia Septemba alizuiliwa nyumbani, humu humu. Julai 1937 wakamchukua. Tarehe 27 Novemba 1937 akafa katika hospitali ya gereza, akiwa na miaka 40. Kaburi lake halijulikani liliko.

Mkewe Izabella naye alikamatwa, akapelekwa uhamishoni. Binti zao, Arpenik na Anahit, walikuwa wadogo sana. Vitabu vya baba yao vikapigwa marufuku.

Nilimwuliza yule mama kuhusu Regina. Alikaa kwanza kwenye kiti. "Alikuwa msichana," akasema. "Msichana tu, jan." Kisha akanyamaza, na mimi sikumsukuma.

Jumatano

Nimepanda barabara ya Mashtots hadi juu kabisa, kwenye Matenadaran, hazina ya miswada ya kale. Mbele ya jengo ameketi Mesrop Mashtots mwenyewe wa jiwe, aliyewaundia Waarmenia herufi zao mwaka 405. Ndani kuna miswada ipatayo 17,000. Nilikusudia kupita haraka kwa sababu Regina hayumo humu. Sikupita haraka.

Kuna kitabu kimoja kikubwa cha mahubiri, cha Mush, kilichoandikwa kati ya 1200 na 1202. Uzito wake ni kilo 28. Kurasa zake ni ngozi za ndama, mamia ya ndama. Mwaka 1915, wakati watu wa Mush wakiuawa na kufukuzwa, wanawake wawili walikikuta kwenye monasteri. Hakibebeki kitabu hicho kwa mtu mmoja anayekimbia. Wakakigawa vipande viwili. Mmoja alifika na nusu yake Echmiadzin, makao makuu ya kanisa la Armenia. Mwenzake hakufika mwisho wa safari. Nusu yake ilifukiwa kwenye ua wa monasteri huko Erzurum, ikaja kufukuliwa baadaye na askari. Leo nusu zote mbili ziko pamoja.

Nilijaribu kupata picha ya kilo 14. Kwetu ni debe la maji ambalo halijajaa. Nimebeba debe kutoka mtoni nikiwa mtoto, najua shingo inavyouma kabla hujafika nusu ya njia. Wale walibeba uzito huo milima na milima, na njaa, na watoto wa watu wakifa njiani, na wala sidhani walikuwa na nafasi ya kukaa wakasoma walichobeba.

Regina alizaliwa mwaka huohuo, 1915. Nilisimama mbele ya kioo nikilirudia hilo kichwani. Mji aliokulia ulijaa watu waliokimbia na walichoweza kubeba. Labda kwa mtu kama yeye swali la kama karatasi inastahili kuhatarishiwa maisha lilikuwa limeshajibiwa kabla hajajua kuongea.

Alhamisi

Mvua. Nimekwenda makaburi ya Komitas, wanakolazwa waandishi na wasanii wakubwa. Nimemkuta Komitas, nikasimama kidogo. Charents hayupo hapo wala kokote. Nikarudi mjini nikaingia makumbusho ya fasihi na sanaa kwenye barabara ya Aram, yanayobeba jina la Charents. Huku ndiko miswada ilikokabidhiwa alipoitoa Regina.

Maana siku ilifika. Stalin alikufa Machi 1953. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Machi 1954, Anastas Mikoyan, Mwarmenia aliyekuwa na cheo kikubwa Moscow, alihutubia hapa Yerevan, akasema jina la Charents hadharani na kutaka arudishiwe heshima yake. Fikiria Regina siku ile. Ana karibu miaka 39. Vita vikuu vimepita. Kila majira ya baridi theluji imeanguka juu ya ule udongo na kila machipuko imeyeyuka, na yeye peke yake ndiye anayejua. Hapo ndipo akaweza kufungua mdomo. Ule utenzi wa Komitas na zile soneti saba ni miongoni mwa yaliyorudi juu. Anahit, yule binti mdogo, alikuja kuwa mtafiti wa maandishi ya baba yake, akayasaidia kuchapwa.

Jioni hotelini nilikuwa nikimfikiria Abdilatif Abdalla wetu wa Mombasa, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa siasa, akatunga gerezani kwa kuandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo tunayasoma leo. Tunapoyasoma tunamtaja yeye, na ni haki. Ila hakuna karatasi ya chooni iliyowahi kutoka gerezani kwa miguu yake.

Ijumaa

Siku bora ya safari nzima.

Dereva alinichukua asubuhi kwenda Khor Virap, monasteri iliyo kwenye bonde la Ararat. Jina lenyewe maana yake ni shimo refu. Mapokeo yanasema Mtakatifu Gregori alitupwa humo na mfalme Tiridates miaka 13, akapona kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa akimdondoshea mkate kwa siri. Nilishuka shimoni kwa ngazi ya chuma, kama mita sita, nikiwa nimeshika vyuma kwa nguvu hadi viganja vikauma. Chini ni chumba cha duara, hewa nzito. Nilikaa dakika tatu nikapanda.

Na nje, Ararat. Mvua ya jana ilikuwa imesafisha anga. Mlima umekaa pale mkubwa mno, mweupe, mita 5,137, na uko Uturuki. Mpaka uko chini ya macho yako na umefungwa tangu 1993. Dereva aliniuliza kama naelewa wanavyojisikia kuutazama kila siku. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Taveta. Nimeamka utoto wangu wote nikiuona Kilimanjaro kutoka dirishani, na Kilimanjaro uko Tanzania. Lakini sisi tulikwenda Holili kununua ndizi na kurudi jioni. Aliposikia hivyo alinyamaza hadi tukafika garini.

Akanipeleka kwa bibi yake, kijiji cha jirani. Tulimkuta bibi shambani na wajukuu wawili, na kazi waliyokuwa nayo ndiyo imenifanya niandike usiku huu kwa mkono unaotetemeka kwa uchovu. Walikuwa wanafukia mizabibu.

Sikuwa nimewahi kuiona. Baridi ya bonde hili huweza kuua mzabibu, kwa hiyo kabla ya baridi kali huukata matawi, hulilaza shina chini taratibu lisivunjike, kisha huufunika kwa udongo mstari mzima. Shamba lote linageuka kuwa matuta marefu kama makaburi. Machipuko yakija wanaufukua, wanauinua, wanaufunga upya kwenye waya. Kila mwaka hivyo.

Niliomba chepe. Bibi, ambaye nami nilimwita Tatik kama wajukuu zake, alinitazama viatu, akacheka, akanipa buti za mpira. Udongo ulikuwa umelowa juu na baridi hadi kwenye mifupa ya vidole. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchimba kwenda chini. Tatik alikuja akanishika kifundo cha mkono, akaonyesha: uvute udongo uuweke juu yake, usiupeleke mti chini. Chini maji yanakaa, mti unaoza. Juu uwe mwinuko, maji yateremke pembeni. Alipapasa tuta langu kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto blanketi, na pale palipobaki ncha ya tawi nje aliongeza konzi moja ya udongo. Nilimaliza mistari miwili. Wao walimaliza saba.

Wakati wa chai Tatik alitaka kujua kama Afrika tuna zabibu. Nikamweleza za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka na ambazo hakuna anayezifukia. Alipotafsiriwa "mara mbili" alipiga makofi. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya Charents. Hapo aliweka kikombe chini, akaanza kusema kwa moyo shairi lake ambalo kila mtoto wa shule hapa analijua, lile la Armenia yangu tamu. Hakulisema kama anakariri. Alilisema akitazama shamba, na mjukuu wa miaka kumi akaingia mstari wa tatu bila kuambiwa.

Nikauliza kuhusu Regina. Jina halikumfikia. Dereva alimweleza kwa Kiarmenia, kirefu, na niliona mikono yake ikionyesha kuchimba na kufunika. Tatik alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja. Dereva akanitafsiria: "Anauliza nani alimsaidia kubeba."

Jumamosi

Ndege ni usiku, kwa hiyo mchana nilikwenda kwenye tao la Charents, kwenye barabara ya Garni. Rafayel Israyelian alilijenga mwaka 1957, miaka mitatu tu baada ya Charents kurudishiwa jina. Ni tao la mawe peke yake kilimani. Ukisimama chini yake Ararat anakaa katikati kama picha kwenye fremu. Limechongwa maneno yake: pita dunia nzima, hakuna kilele cheupe kama Ararat. Leo ukungu ulikuwa umepanda nikaona miguu ya mlima tu. Kulikuwa na maarusi wakipigwa picha, na shela la bibi arusi lilikuwa likipeperuka hadi likamfunika mpigapicha.

Uwanja wa ndege nilimpigia Baba. Ana miaka 81 sasa, na simu huishika mbali na sikio, kwa hiyo huongea kama yuko ng'ambo ya mto. Nilimweleza yote: Regina, udongo, miaka 17. Alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Na mchwa je? Hawakula?"

Nikamwambia nchi ile ina baridi, Baba.

"Kwetu wangekula," akasema. "Mimi nililifikiria hilo. Nilifikiria nyuma ya banda la mbuzi. Nikasema mchwa watakula, na wakija kuchimba watapata. Kwa hiyo nikaona bora jikoni."

Miaka yote hiyo hatujawahi kulizungumza. Sikujua kwamba alikuwa amefika hadi nyuma ya banda la mbuzi.

Nikamwuliza kama kuna lolote analolikumbuka kwenye lile daftari. Alisema hakuna, mwanangu, ni zamani. Abiria wakaanza kuitwa. Nilikuwa nimesimama tayari kwenye foleni, nikisema "Haya Baba, tutaongea nikifika," aliposema ngoja, ngoja. Nikatoka kwenye foleni. Akakohoa, akaweka sauti yake ya darasani:

*Mvua ya Jipe njoo, shamba langu lina kiu.*

"Hicho ni kibwagizo," akasema. "Beti zilikuwa tisa. Kibwagizo ndicho kilichobaki."

Sikuwa na daftari karibu. Nimekiandika nyuma ya ile noti ya dramu 1,000, nikamsomea, akanisahihisha mahali pa koma.